Uzoefu wangu na huduma za masahihisho ya GPS hapa Lubumbashi: EGNOS, HAS ya Galileo na zile za kulipia

Washa mashine yoyote ya kupimia hapa Lubumbashi, iache nje dakika mbili, halafu fungua ukurasa wa setilaiti. Ukishapita namba 1 mpaka 32 utakutana na namba 36, na mara nyingi mstari wake ni mrefu kuliko wa jirani zake. Hiyo ni EGNOS, mfumo wa Ulaya wa kusahihisha GPS. Namba yake halisi ni 123, ila mashine nyingi huondoa 87 kabla ya kuandika. Imebebwa na setilaiti ya Astra 5B iliyosimama juu ya ikweta kwenye digrii 31.5 mashariki. Sisi tuko kama 27.5, kwa hiyo iko karibu utosini, digrii 75 hivi kutoka upeo wa macho. Mashine inaipokea bila shida, inaandika "SBAS" (masahihisho yanayotoka setilaitini) au "DGPS" (GPS iliyosahihishwa), na aliyeikodi anaamini kwamba sasa anapima kwa mita moja.

Mimi nimeizima kwenye mashine zote ninazotumia.

Ishara kukufikia ni jambo moja, masahihisho kukufaa ni jambo jingine. EGNOS inaendeshwa na stesheni kama 40 za ardhini, na nyingi mno ziko Ulaya na kandokando yake. Kila stesheni inajua ilipo kwa sentimita. Inalinganisha na GPS inavyosema, tofauti inakwenda kwenye kituo cha hesabu, inapandishwa setilaitini, kisha inashushwa kwa masafa yale yale ya GPS, 1575.42 MHz, kwa mwendo wa biti 250 kwa sekunde. Ndani yake kuna masahihisho ya njia na saa ya kila setilaiti, pamoja na ramani ya ionosfea (tabaka la juu la hewa linalochelewesha ishara) iliyokatwa kwa miraba ya digrii 5 kwa 5. Miraba hiyo hujazwa pale tu stesheni zinapoona. Juu ya Katanga ni mitupu, na ionosfea ndiyo inayotusumbua kuliko yote huku tropiki.

Mashine ikikuta mraba mtupu hufanya ilivyofundishwa na kiwanda chake. Nyingine inayakataa masahihisho yote na kubaki na modeli ya kawaida ya GPS, ile ya Klobuchar, ambayo ilitengenezwa ipunguze kosa la ionosfea kwa nusu hivi tu. Nyingine inachukua ya saa na njia, inaacha ya ionosfea, na bado inaandika DGPS. Jaribu mwenyewe: simama juu ya alama unayoijua, rekodi nusu saa SBAS ikiwa imewashwa, nusu saa ikiwa imezimwa, nukta moja kila sekunde. Kwangu wingu la nukta ni lile lile la mita 2 hadi 4. Tofauti ni kwamba SBAS ikiwa imewashwa nukta huruka ghafla, kwa sababu setilaiti zenye masahihisho na zisizo nayo zinaingia na kutoka kwenye hesabu.

Hilo si kosa la EGNOS, kwa kuwa haikutengenezwa kwa ajili yetu. Kwao ni huduma nzuri sana. Huduma yake ya wazi ilifunguliwa Oktoba 2009 na ile ya usalama wa ndege Machi 2011. Kazi yake kubwa ni kumuonya rubani ndani ya sekunde 6 setilaiti ikianza kudanganya. Usahihi unafuata nyuma. Marekani wana WAAS tangu 2003, India wana GAGAN, Japani wana MSAS. Kila moja ina eneo lake, na nje ya eneo hilo taa inawaka bure.

Mtu ataniuliza kuhusu namba 60. Hiyo ni 147, ishara ya majaribio ya ASECNA (shirika la usalama wa ndege la nchi kadhaa za Afrika) iliyoanza kurushwa Septemba 2020 kupitia setilaiti ya Nijeria, NigComSat-1R. Mradi wenyewe unaitwa ANGA, na unalengwa kwa nchi wanachama wa ASECNA. Kongo yetu si mwanachama. Anga yetu iko chini ya RVA, mamlaka ya Kongo ya njia za anga. Ishara ya majaribio hubeba ujumbe unaosema isitumike kwa usalama wa maisha. Naiangalia kwa hamu, siipimii mpaka wa mtu.

Huduma ya bure ambayo kwetu inafanya kazi kweli ni HAS, yaani huduma ya usahihi wa juu ya Galileo, mfumo wa setilaiti wa Ulaya ulio kama GPS. Ilitangazwa rasmi tarehe 24 Januari 2023. Haihitaji setilaiti ya kusimama wala mraba wa ionosfea: masahihisho ya njia, saa na makosa ya kudumu ya misimbo ya ishara (code bias) yanatoka kwenye setilaiti za Galileo zenyewe, kwa masafa ya E6, 1278.75 MHz. Ionosfea mashine inaifuta yenyewe kwa kulinganisha masafa mawili au matatu. Yanasahihishwa GPS na Galileo tu, kwa hiyo usishangae ukiona GLONASS ya Urusi na BeiDou ya China zimeachwa nje ya hesabu. Ahadi yao ni chini ya sentimita 20 kwa mlalo na 40 kwa wima, asilimia 95 ya muda. Isome vizuri hiyo 95: katika pointi 20, moja ina ruhusa ya kutoka nje ya kipimo na hakuna aliyekudanganya.

Shida ya kwanza ni mashine yenyewe. Zinazouzwa mjini kama "bendi zote" nyingi hazisomi E6. Chipu ya ZED-F9P, ambayo imejaa kwenye mashine za bei nafuu, ni nzuri kwa RTK (kupima kwa kusaidiwa na mashine ya pili iliyosimama kwenye alama, yaani bezi) lakini E6 haina. Kabla hujatoa pesa, omba ukurasa wa masafa na utafute maneno mawili: E6 na HAS. Moja bila lingine halitoshi, maana kuna mashine inayopokea E6 lakini programu yake haijui kusoma ujumbe wa HAS mpaka isasishwe. Antena nayo iangalie. Ile inayokata kwenye 1254 MHz itapokea L2 na L5, masafa mengine ya GPS, vizuri, E6 itaifia mlangoni.

Ninavyoipanga ni hivi. Nazima SBAS yote. Nawasha PPP (kupima kwa mashine moja bila bezi, kwa masahihisho ya njia na saa za setilaiti) au HAS, kulingana na jina lililoandikwa kwenye kontrola, kile kifaa cha mkononi. Kizuizi cha pembe (setilaiti zilizo chini yake hazihesabiwi) naweka digrii 10, mahali penye miti 15. Naweka mashine kwenye tripodi juu ya alama inayojulikana, sio begani, na kuiacha itulie. Lengo la Galileo kwa huduma iliyokamilika ni sekunde 300, lakini hapa naipa dakika 15 hadi 20 bila kubishana nayo. Inatulia polepole: kwanza nusu mita, kisha sentimita 30, halafu inaanza kujikokota. Ikishatulia unaweza kutembea, mradi usikate mbingu. Ukipita chini ya mwembe mkubwa au chini ya daraja na ukapoteza setilaiti zote, inaanza upya, na hapo ndipo watu wanaharibu kazi: kontrola inaendelea kuhifadhi pointi, nazo zina kosa la mita.

Kwa hiyo usiangalie neno la juu ya skrini peke yake. Viwanda havijakubaliana PPP iandikwe vipi: kwenye sentensi ya GGA, mstari wa nafasi unaotolewa na mashine, nyingine inaandika 2, nyingine 5, wakati 2 ni ile ile ya SBAS na 5 ni ile ile ya RTK ambayo haijashika. Angalia vitu viwili: kosa linalokadiriwa na mashine, na umri wa masahihisho. Umri ukipanda bila kurudi chini, E6 imekatika. Mwishoni mwa kazi rudi kwenye alama uliyoanzia, pima tena. Tofauti ikizidi sentimita 30, zile pointi za katikati zirudiwe.

Kwa mtu ambaye mashine yake ina injini ya PPP lakini E6 hakuna, masahihisho yale yale yanapatikana kwa intaneti baada ya kujiandikisha kwenye kituo cha huduma cha Galileo. Mjini inakwenda vizuri. Ukitoka Kipushi kuelekea porini mtandao unakuja na kuondoka, na hapo E6 ya angani ndiyo yenye faida.

Muda wa kupima una uzito kuliko watu wanavyodhani. Baada ya jua kuzama, hasa Machi na Aprili, kisha Septemba na Oktoba, ionosfea ya tropiki inachafuka na ishara inatetemeka. Setilaiti inaonekana ipo, lakini mashine inapoteza mzunguko na kuanza kuhesabu upya. Miaka ambayo jua lina madoa na milipuko mingi hali hiyo inazidi, na mzunguko wa jua wa sasa ulifikia kilele mwaka 2024. Kazi ya usahihi naimaliza kabla ya saa kumi na moja jioni. Antena ikiwa haijakingwa na kitu, mvua haizuii kitu. Kinachodhuru ni mabati. Kwenye parsele (viwanja) za komyuni za Katuba au Kenya hapa mjini, nyumba zimebanana na kila paa ni kioo cha ishara. Antena ikiwa mita moja na nusu kutoka ukuta wenye bati, HAS inahama sentimita 40 au 50 na kutulia pale kwa utulivu kabisa, kana kwamba ndipo mahali pake. Ipandishe juu ya paa, au pima pointi mbili barabarani kisha maliza kona kwa mita ya mkono.

Kwa hiyo HAS sitaitumia kuweka mawe ya mpaka wa parsele mjini. Sentimita 20 kati ya majirani wawili ni kesi. Kwa mifereji ya maji ndiyo usijaribu, wima yake haitoshi; chukua nivo, kile chombo cha kupimia usawa. Inafaa kwa mashamba, njia za umeme, mashimo ya kuchorongea, mipaka ya kibali cha madini, na kutafuta alama ya zamani iliyofunikwa na kichuguu.

Huduma za kulipia zinashuka kutoka setilaiti za kusimama, kwa masafa ya 1525 hadi 1559 MHz, na hufika sentimita chache bila bezi wala intaneti. Kwa kampuni inayopima kila siku kwenye kariere (machimbo) za Likasi na Kolwezi, ni halali yake. Kwa jeometa (mpima ardhi) wa kazi mbili kwa mwezi, hapana. Niliyolipia ilifungwa kwa namba ya mashine moja, siku zinahesabiwa hata mashine ikiwa kabatini, na kuiwasha upya kulihitaji antena ikae wazi angani mpaka amri ya ufunguo ishuke. Kabla ya kusaini uliza setilaiti yao iko digrii ngapi. Iliyo kwenye 25 mashariki iko karibu utosini kwetu. Iliyo kwenye 64 iko digrii 46 tu kutoka upeo wa macho, upande wa mashariki, na ukuta wa mashariki wa kariere utaifunika ukifanya kazi karibu nao.

Ukitaka sentimita bila kulipa, rekodi faili ghafi saa 2 hadi 4 juu ya alama moja, ligeuze kuwa RINEX (muundo wa faili unaosomwa na programu zote), lipeleke CSRS-PPP, huduma ya hesabu ya mtandaoni ya serikali ya Kanada. Ni bure, jibu linakuja kwa barua pepe. Alama hiyo ikishapatikana, weka bezi yako na upime kwa RTK kuizunguka. Kosa nililoliona mara nyingi zaidi ni urefu wa antena: umepimwa kwa mshazari, umeandikwa kama wima. Jina la antena nalo likiandikwa vibaya, wima inaondoka na sentimita kadhaa na hakuna onyo.

Sasa kuhusu majibu yenyewe. HAS na CSRS zinatoa nafasi ya leo katika mfumo wa dunia, na bara letu linasogea kama sentimita 2.5 kwa mwaka kuelekea kaskazini-mashariki. Alama iliyokokotolewa kwa tarehe ya miaka 20 iliyopita itapishana na yako nusu mita, na nyote wawili mko sahihi. Andika tarehe ya kipimo kwenye mchoro.

Kwa vibali vya madini hesabu ni rahisi zaidi, kwa sababu kadasta ya madini inatumia WGS84, mfumo wa nafasi wa GPS yenyewe, na miraba ya sekunde 30 kwa 30. Kwa sheria mraba mmoja ni hekta 84.955, kwa latitudo ya Lubumbashi ukiupima chini ni kama mita 922 kwa 909. Ukiona kona ya kibali ambayo sekunde zake si 00 wala 30, kuna mtu amekosea kuandika.

Hatari iko kwenye michoro ya zamani. Mingi iko kwenye Katanga 1955, mfumo wa zamani wa nafasi wa hapa: ellipsoidi (umbo la dunia la kihesabu) ya Clarke 1866, projeksheni (njia ya kuilaza dunia kwenye karatasi) ya Lambert. Ukiingiza namba hizo kana kwamba ni WGS84 unahama zaidi ya mita 100. Na usiusogeze mchoro kwa mkono mpaka kona moja iangukie kwenye picha ya setilaiti: Lambert na UTM 35 kusini, projeksheni inayotumika sasa pamoja na WGS84, hazielekezi kaskazini pamoja, kwa hiyo kona ya kwanza itakaa na ya mwisho itakataa. Tafuta angalau mawe matatu ya zamani ambayo bado yamesimama, yapime kwa HAS, kisha geuza mchoro wote kwa hayo.