Nilitolewa kwenye singo katikati: uzoefu wangu na wakala wa "safari ya mwendo wa kobe"

Naandika hasira zikiwa bado za moto, mkiona nimevuka mpaka mnivumilie. Au msinivumilie, mimi nimeshalipa.

Wifi yangu kastaafu. Miaka thelathini na ushee ya unesi: zamu za usiku, kengele, "sista njoo haraka". Zawadi aliyoitaka ni moja tu, siku tisa za kutoamshwa na mtu. Watoto wake wakachanga, na mimi nikaongezea, nikaenda kwa wakala mmoja wa safari hapa Dar. Jina silitaji, wenyewe wanajijua. Ofisi nzuri, kiyoyozi kinavuma, na kijana mtanashati aliyeniita mama kila baada ya maneno matatu. Nikamweleza kwa Kiswahili chepesi kabisa: vituo vitatu basi. Morogoro, kisha Mji Mkongwe na Paje kule Zanzibar, siku tatu tatu. Kila tunapolala pawe na spa au angalau mtu anayejua kukanda. Tule, tulale, tuamke jua likitaka. "Mwanangu," nikamwambia, "mimi nataka mwendo wa kobe." Akacheka, akaandika.

Kumbe alichoandika ni kobe.

Ratiba ikaja kurasa sita. Sita, kwa watu wawili wanaokwenda kulala! Mikumi kwenda na kurudi siku hiyo hiyo, kuondoka saa kumi na moja alfajiri. Shamba la viungo. Jozani kuona kima punju. Kisiwa cha Changuu kuona kobe. Nikampigia tukabishana, akasema "sawa mama, nimevitoa." Alitoa Mikumi. Vingine alivisogeza pembeni, kama mtoto anayeficha mchicha ukingoni mwa sahani, na sisi tukaja kuvikuta mbele ya safari.

Morogoro sina neno. Treni ya SGR iliondoka kwa dakika yake, na nawaapia, kutoka Tegeta mpaka stesheni tulitumia muda mrefu kuliko kutoka stesheni mpaka Moro. Hoteli ndogo, Uluguru imejifunika ukungu asubuhi, masaji ya taratibu, wifi akalala mpaka saa nne. Nikasema yule kijana kumbe anajua kazi. Nilisema hivyo kwa mdomo wangu huu.

Mji Mkongwe ndipo nilipoanza kunusa harufu. Ratiba inasema: "Siku ya 5, spa, Hamamni, saa 4." Tukabeba taulo. Wenyeji mmeshacheka. Hamamni ni hamamu, yaani bafu la umma, aliyoijenga Sultani Barghash karne ya kumi na tisa, na hakuna tone la maji humo tangu babu zetu wakiwa vijana. Ni jengo la makumbusho, unalipa kiingilio unatembezwa. Zuri, nakubali, lile dari lenye matundu ya nyota linaingiza mwanga mtamu sana. Lakini wewe umesimama hapo na taulo begani na ndala miguuni, mlinzi anakutazama. Wifi akamuuliza kwa upole, "Kaka, maji yanafunguliwa saa ngapi?" Nilitamani ardhi ipasuke. Nina hakika kijana alikutana na neno "bafu" kwenye intaneti akalibandika.

Mchana wa siku hiyo hiyo tukapelekwa Changuu. Wale kobe wakubwa asili yao ni Seychelles, umri wao umeandikwa mgongoni kwa rangi, wengine wamepita miaka mia. Wanatafuna jani kama wana karne nyingine mbele yao. Sisi tulipewa dakika arobaini, maana mwenye mashua alikuwa na wageni wengine. Niliyeomba mwendo wa kobe nikawapita kobe mbio.

Hayo yote ningesamehe. Wallahi ningesamehe, maana Paje ilitupokea vizuri. Bahari ikikupwa inarudi mbali mpaka unawaona wanawake wa mwani wamejiinamia huko, wadogo kama kunguru. Wifi alikaa barazani siku nzima hakufanya kitu. Hakusoma, hakushika simu. Uso wake ulianza kufanana na picha zake za zamani.

Siku ya nane tukawa na singo. Hii ndiyo niliyoilipia kwa moyo wote, laki tatu kwa sisi wawili, saa mbili nzima. Kwa wasiojua, singo ni mchanganyiko wa kusugua mwili, ndiyo anayosingwa bibi harusi wa Kizanzibari: karafuu, asumini, mlangilangi, liwa, maji ya waridi, na sisi tuliongezewa manjano. Aliyetusinga ni mama mtu mzima wa Makunduchi, mikono mizito yenye huruma. Simu zetu ziliachwa mapokezi, ndio utaratibu wao, na ni utaratibu mzuri. Akatupaka kuanzia shingoni mpaka nyayoni, akasema, "Haya, sasa tulieni. Singo haitaki papara. Ikukae kwanza, ndiyo tukuoshe." Wifi alikuwa anakoroma. Mwanamke aliyelala kwa vipande miaka thelathini, anakoroma mchana kweupe!

Mlango ukagongwa. "Samahanini, gari lenu limefika."

Gari gani? La bandarini. Boti ni saa kumi. Nikasema tunaondoka kesho asubuhi, mmekosea chumba. Binti wa mapokezi akanipa simu, kijana yuko hewani: "Mama, boti ya kesho ilijaa, nikawawahisha. Si niliwatumia meseji?" Meseji ya WhatsApp, moja, saa sita ya usiku, kwa watu waliolipa ili wasishike simu.

Nikamwambia tumepakwa singo, hatujaoshwa. Akanijibu, na maneno haya nimeyaandika siku hiyo hiyo nisije nikayasahau: "Hiyo si urembo tu, mama? Mtaoshea nyumbani."

Mtaoshea nyumbani. Tegeta. Na bahari katikati.

Yule mama wa Makunduchi alisimama na kata yake ya maji mkononi, kimya, kama mtu aliyetukanwa yeye. Akasema tu, "Khaa." Akatufuta haraka haraka kwa kanga mbichi, kanga yenyewe ikageuka njano. Tukavaa madera juu ya manjano, tukaingia garini. Dereva masikini alifungua madirisha yote manne.

Botini sasa. Zile ni kama saa mbili za kusi lililoshikilia, kiyoyozi kinatoboa mifupa, watu wanatapika kwenye mifuko, na sisi tunanukia mlangilangi kama chumba cha fungate. Shingo njano, viganja njano. Bibi mmoja aliyevaa buibui akanigeukia: "Mashaallah, mnatoka kusinga? Anaolewa nani?" Nikakosa jibu. Wifi, na miaka yake sitini, akajibu bila kutabasamu: "Ni mimi. Nimechelewa kidogo tu."

Safu nzima iliangua kicheko. Bibi akampa hongera na pipi ya tangawizi. Na wifi akacheka, akacheka mpaka machozi yakachora mistari kwenye manjano. Hapo nakiri hasira ilinitoka kidogo. Imerudi nilipoteremka gatini na makuli wakaanza kuvutana na begi langu.

Nimedai. Laki na nusu ya singo iliyoliwa, na usiku wetu mmoja wa Paje. Kijana anasema hoteli hairudishi, anasema tulipata huduma, anasema ataniwekea ofa safari ijayo. Ofa! Ofisini kwao nikakaa nikapewa soda. Nilitaka kupaza sauti, lakini alishika mikono yangu akasema "nisamehe mama yangu," akaonekana ana usingizi kuliko wifi. Nikamuuliza mara ya mwisho amepumzika lini. Hakunijibu. Sawa, huenda ndiyo maana hajui kupanga kupumzika kwa mtu mwingine. Lakini hilo si la kulipia mimi.

Kwa hiyo niwaambie nini? Hoteli ya Paje nendeni, hawana kosa. Singo tafuteni popote mtakapopata mama mtu mzima, ila iwekeni siku ya pili baada ya kufika, kamwe msiisogeze karibu na siku ya kuondoka. Tiketi ya boti nunueni wenyewe, ofisi ziko pale bandarini karibu na Kanisa la Mtakatifu Yosefu, haihitaji shahada. Na treni mtu yeyote mwenye simu anakata. Ukiondoa hivyo viwili, sijui hata wakala anabaki na kazi gani. Nilisema kazi ya Morogoro aliifanya vizuri? Nafuta. Ilifanywa na treni.

Nyota moja. Nilitaka kumpa mbili kwa ajili ya kile kicheko cha botini, ila kicheko kile ni cha wifi.

Ambaye jana, bila kuniuliza, kanitumia ratiba ya Lushoto. Kaiomba kwa yule yule kijana. Anasema amemwonea huruma. Siku ya kwanza inaanza saa kumi na moja alfajiri. Nimemjibu wifi: laki yangu na nusu kwanza.