Mkasi wa kupogolea mawaridi: tazama nati kwanza

Malalamiko yenu ya mwezi huu yamefanana kama mapacha. Mwaridi umepogolewa, wiki mbili baadaye ncha za matawi zimekuwa nyeusi, na weusi unashuka hadi jicho la pili (jicho ni pale chipukizi linapotokea). Mmoja amelaumu udongo, mwingine mvua, wa tatu ameshauziwa dawa ya kuvu. Ukizikuza picha mlizotuma unaona kitu kimoja: tawi halikukatwa, limetafunwa. Ganda limechanika upande mmoja na uzi wake unaning'inia. Hapo kuvu imefunguliwa mlango.

Kwa hiyo habari za rangi ya mpini na makali tuziache. Mkasi wowote mpya una makali. Cha kutazama ni pale katikati, kisu na taya (ule upande butu unaoshikilia tawi) vinapoungana: kuna nati inayokazwa kwa spana, au kuna ribiti, pini isiyokazwa, iliyogongwa kiwandani?

Mkasi mzuri ni ule ambao kisu hupita ubavuni mwa taya vikigusana, bila mwanga kupenya. Kila ukikata tawi gumu, na hasa ukizungusha kiganja ili kulivunja, unavisukuma viachane. Nafasi ya unene wa karatasi tu inatosha: ganda laini la tawi bichi linaingia humo na kukunjwa badala ya kukatwa. Penye nati, unakaza kidogo na kazi inaendelea. Penye ribiti, umekwisha. Fundi ataigonga nyundo, utakata siku chache, kisha kisu kitakwama au kitalegea upya.

Dukani fanya hivi. Chukua karatasi ya risiti (ukibahatika kupewa risiti) na uikate kwa ncha ya mkasi, siyo kwa shina la kisu. Ikikunjika katikati, rudisha. Kisha ufunge mkasi nusu, uuinue kwenye mwanga, na usukume kisu pembeni kwa dole gumba. Kikicheza kikiwa kipya, mwakani kitakuwaje? Mikasi ambayo kisu hutua juu ya kibao bapa usiijaribu kabisa. Hiyo ni ya vijiti vikavu, na tawi bichi inalisaga.

Namba moja ni Felco 2 ya Uswisi, na sina haya kusema naipendelea. Nati yake inashikwa na kipande chenye meno kinachofungwa kwa skrubu, hivyo hailegei yenyewe. Kuirekebisha: toa springi, fungua skrubu ya kile kipande, kaza nati kidogo kidogo, kisha uachie kisu. Kikianguka moja kwa moja, bado imelegea, kisiposogea, umezidisha, kikishuka taratibu na kusimama njiani, rudisha kipande na skrubu. Inakata tawi la hadi milimita 25. Zaidi ya hapo chukua msumeno, maana bugenvilia kongwe ndiyo inayoua mikasi ya watu. Kila kipande kina namba yake na kinabadilishwa: kisu ni 2/3, springi ni 2/91. Wenye mikono midogo wachukue Felco 6, na wanaotumia mkono wa kushoto wachukue 9. Hiyo ya mwisho siyo anasa, kwa sababu mkasi wa kulia ukishikwa kwa kushoto, nguvu ya vidole yenyewe hutenganisha kisu na taya.

Ya pili ni ARS ya Japani, aina ya VS-8Z. Kisu chake kimepakwa kromu ngumu, kwa hiyo utomvu hauking'ang'anii na kutu inachelewa. Kwa wa Tanga, Mombasa na Unguja, ambako hewa ya chumvi hula chuma kikiwa kimetundikwa ukutani, ningekaribia kuipandisha juu. Karibu tu.

Ya tatu itawashangaza: Felco iliyochakaa. Ukiikuta kwenye mitumba ya vifaa, mpini usiwe na ufa na nati iwe inazunguka, kisu kipya kitaifufua.

Ile ya bei ya chee yenye ribiti? Inunue ya kukatia kamba.

Sasa wauzaji. Mpini mwekundu peke yake si Felco, na kuna wanaopaka rangi nyekundu mkasi wa ribiti kisha wakataja bei ya Uswisi bila kupepesa macho. Wengine wanaufunga kwenye plastiki ngumu na kukwambia ukiifungua umenunua. Kitu cha kukatia, usikijaribu! Na hata wale wenye bidhaa halisi, uliza springi ya akiba uone wanavyokutazama. Mkasi wanao kumi, springi hata moja. Basi nunua springi na kisu siku ile ile ya kununua mkasi, au usimpe pesa yako.

Ukishaupata, usiharibu mwenyewe kazi ya nati. Kisu kina mteremko upande mmoja tu. Noa huo huo, kwa pembe ya nyuzi 20 hadi 25, kuanzia shinani kwenda nchani. Upande bapa ni wa kupitishwa jiwe mara moja, kwa wepesi, kuondoa mabaki ya chuma. Mnoaji wa mtaani akikunolea pande zote mbili amekutengenezea nafasi ile ile tunayoikimbia, na hapo nati haisaidii tena, kisu kipya tu. Futa kwa spiriti kati ya mwaridi na mwaridi, siyo kwa dawa ya kung'arishia nguo, ambayo huleta kutu. Mwisho wa kazi, matone mawili ya mafuta ya cherehani kwenye nati.

Wakati wa kukata, kisu kielekee upande wa tawi linalobaki, na taya lielekee kipande kinachotupwa, kwa kuwa taya huacha alama ya kubana hata kwenye mkasi bora. Kata milimita 5 au 6 juu ya jicho linalotazama nje. Na zile ncha nyeusi mlizonazo sasa zikatwe upya, chini zaidi, hadi moyo wa tawi uonekane mweupe.