Walisema huenda babu alitoroka jeshini

Nimechelewa kuandika haya kwa sababu kila nikianza nashikwa na hasira, nafunga simu. Leo namaliza.

Niliwalipa watu pesa wanitafutie babu, baba mzaa baba, aliyekwenda Vita vya Pili vya Dunia asirudi. Ni moja ya hizi ofisi zinazojitangaza mitandaoni kwamba zinatafuta nasaba na kumbukumbu za wanajeshi wa zamani. Ina chumba Nairobi, na mapokezi yenye maua ya plastiki. Sitaitaja. Baada ya miezi ya "tunashughulikia", nikatumiwa ukurasa mmoja, na mstari wake wa mwisho ulisema: "Hakuna kumbukumbu. Huenda mhusika alitoroka jeshini."

Nimeusoma mstari huo mara nyingi kuliko barua yoyote maishani mwangu.

Ili mwelewe ulivyonichoma, lazima niwaambie habari za susu, yaani bibi yangu, mke wa babu huyo. Babu aliandikishwa Keya, jeshi la Waingereza la Afrika Mashariki (KAR), kutoka upande wa Mwingi, Ukambani, akapelekwa kwenye mizinga. Barua yake ya mwisho iliandikiwa Mombasa na rafiki yake aliyejua kusoma, ikafika susu akiwa na mimba ya baba yangu. Barua yenyewe mchwa waliimaliza kitambo, lakini baba alikuwa ameishika kwa moyo: tunapanda meli, tunakwenda kwa Mjapani, mbuzi yule mweupe asiuzwe. Baada ya hapo, kimya. Vita vikaisha, wanaume waliokwenda Bama (Burma, kupigana na Wajapani) wakarudi na makoti yao na hadithi zao, babu hakurudi. Kama kuna karatasi iliyoletwa kwa chifu, susu hakuiona. Mashemeji zake wakaanza kusema kaka yao ameoa mwanamke wa huko. Wakamsogeza kwenye kipande cha shamba chenye mawe. Baba alikua akiitwa mwana wa mtoro. Mtoro! Hadi nywele zimemtoka mvi kuna wazee waliomwita hivyo kilabuni. Susu alikufa bila kuolewa tena na bila kujibu neno.

Sasa chukua mstari ule, uulete kwenye nyumba hiyo.

Nilipiga simu. Akapokea mama mmoja, sauti ya mtu aliyekatizwa chakula. Nikamwuliza kwa upole (wakati huo bado nilikuwa na upole) neno "alitoroka" wamelitoa wapi. Akasema, "Mama, wengi walitoroka. Wengine walipata wake huko. Na kama ni fidia mnatafuta, semeni mapema tusipotezeane muda." Nikamwambia sitafuti fidia, natafuta mahali alipolala babu yangu. Akajibu kwamba majina ya Waafrika hayakuandikwa, kila mtu anajua, na pesa hazirudishwi.

Hapo nusura nimwamini, kwa sababu alichosema kina ukweli, ila si cha vita hivyo. Waliofutika hasa ni wapagazi wa Vita vya Kwanza, hao ambao kikosi chao kimeacha jina la Kariokor hapa Nairobi na Kariakoo kule Dar es Salaam. Tume inayotunza makaburi ya vita ya Jumuiya ya Madola yenyewe ilitoa ripoti mwaka 2021 ikikiri kwamba watu wasiopungua 116,000, na huenda wakafika 350,000, wengi wao wa Afrika Mashariki na Misri, hawakukumbukwa kwa majina au hawakukumbukwa kabisa. Nenda Kenyatta Avenue uzitazame zile sanamu za askari. Maandishi yake yanasema ukipigania nchi yako, hata ukifa, wanao watalikumbuka jina lako, na hakuna jina hata moja lililochongwa pale. Hilo ni chungu, nalikubali. Lakini babu alikuwa mtu wa mizinga wa 1944, mwenye namba ya jeshi. Mtu anayelipwa kutafuta wanajeshi anapaswa kujua tofauti hiyo.

Nilikwenda ofisini mwenyewe, wakati wa zile mvua zilizofunga barabara. Yule mama hakutoka. Alinituma kijana, wa umri wa mwanangu wa pili, aje kuniambia faili limefungwa. Kijana akakaa. Akauliza nimekuja kutoka wapi, nikamwambia Mwingi, akaniletea maji. Kisha akaniuliza swali ambalo hakuna aliyeniuliza tangu nilipe: nyumbani mnakumbuka nini? Nikamsimulia. Mizinga. Mombasa. Mimba ya baba, na kadi ya ubatizo ya baba ni ya 1944. Yote hayo niliyaandika kwenye fomu yao! Akalifungua faili, akanigeuzia mashine nione. Walikuwa wametafuta mara moja tu, jina moja, kwa herufi nilizoandika mimi, katika orodha za Bama peke yake: makaburi ya vita ya Taukkyan na ukumbusho wa Rangoon. Kule kuna majina karibu 27,000, kwa hiyo mtu akikosa anaona amefanya kazi kubwa. Hawakujiuliza kama babu alifika huko Bama.

Kijana akasema pole pole, "Mama, usitafute kwa jina. Tafuta kwa tarehe. Kama ni mtu wa mizinga na alipanda meli Mombasa mwanzo wa 1944, weka Februari 12."

Sikujua. Nina umri huu na nimesoma, na sikujua. Meli ya Khedive Ismail iliondoka Mombasa mwanzoni mwa Februari 1944 kuelekea Colombo, ikiwa na watu zaidi ya 1,500. Karibu elfu moja kati yao walikuwa kikosi cha mizinga cha Afrika Mashariki, rejimenti ya 301. Jumamosi alasiri, karibu na visiwa vya Maldivi, nyambizi ya Wajapani iliipiga kwa topedo mbili. Wanasema haikuchukua hata dakika mbili kuzama. Walikufa watu 1,297, wakiwemo wauguzi wanawake. Na wale walioelea majini, manowari ya Waingereza iitwayo Petard ilikuwa inaisaka nyambizi hiyo kwa mabomu ya chini ya maji, yakalipuka katikati yao.

Alikuwa amekwisha kufa kabla baba hajazaliwa. Hata sura ya Mjapani hakuiona, achilia mbali huyo mke wa Bama.

Orodha ya ile tume ni ya bure. Narudia: ya bure, iko wazi kwenye intaneti, haina ada. Nilikaa na simu kitandani usiku nikishuka na majina ya tarehe hiyo, moja moja. Jina la babu lina L mbili, na karani aliyemwandikisha hakuwa Mkamba. Aliziandika R zote mbili. La baba yake likaharibiwa vilevile, lakini nikilisoma kwa sauti linasikika ni lenyewe, na mahali alipotoka ni kwetu. Niliamsha nyumba nzima.

Kwa hiyo ofisi hii niipe nyota ngapi? Mwanzo niliwaambia wenzangu wa chama wape mbili, kwa kuwa angalau nilipata. Hapana. Nilipata kwa kijana mmoja aliyevunja amri ya mkubwa wake, na ofisi haina haki ya kujivunia huyo. Moja. Na hiyo moja ni ya kijana. Kama anasoma hapa, ajue baba yangu alimtaja katika maombi ya chakula, na hamjui hata jina. Wengine wote pale, sifuri, na yule mama wa simu sina la kumwambia lililo na adabu.

Baba tulimpeleka Ngong Road, kwenye makaburi ya vita, ambako waliozama na meli ile wameandikwa ukutani kwa kuwa bahari ndiyo kaburi lao. Nyasi zimekatwa vizuri, mlinzi alimwita mzee na kumpa kiti. Baba alikataa kiti. Alitafuta mwenyewe kwa kidole, miwani mkononi, akapita jina mara mbili kwa sababu ya zile R. Alipolifikia alilisoma kwa L, kwa sauti ya juu, kama mtu anayeita ng'ambo ya mto. Kisha akasema, "Mbuzi hakuuzwa."

Ofisi iliniandikia juzi. Wanataka kunirudishia nusu ya pesa kama nitanyamaza. Pesa wakae nazo. Ninachotaka ni ule mstari ufutwe kwenye faili lao, na wanipe karatasi yenye mhuri inayosema walikosea. Binamu zangu, wajukuu wa wale mashemeji, tayari wameuona ukurasa wao wa kwanza, na huo ndio walioupeleka kwenye kikao cha shamba.