Dodoma hadi Unguja na watoto wadogo: treni, boti, na jaketi okozi la kumtosha mtoto

Mzazi wa Dodoma mwenye mtoto wa chini ya miaka saba akifikiria Zanzibar, haanzi na hoteli. Anaanza na boti: mtoto ataiweza? Majirani zangu wa Nkuhungu wameniuliza hivyo, wenzangu kazini wameniuliza, na wifi yangu ndiye aliyeuliza kwa hofu kubwa kuliko wote. Jibu langu ni kwamba ataiweza, na atafurahi sana. Ila kuna jambo moja ambalo mzazi inabidi alisimamie mwenyewe kabla boti haijang'oa nanga, nalo ni jaketi okozi la saizi ya mwanawe. Hilo ndilo hasa lililonifanya niandike.

Tulisafiri likizo ya Juni: mimi, baba watoto, binti yetu wa miaka sita, mdogo wake wa miaka mitatu, na kitinda mimba ambaye bado ananyonya. Hakuna kati yao aliyewahi kuona bahari. Maji mengi wanayoyajua ni ya bwawa la Hombolo.

Kipande cha treni nitakipita haraka kwa sababu hakikunipa shida. Tangu treni ya reli ya kisasa, SGR, ilipoanza kufika Dodoma, Julai 25, 2024, safari ya Dar na watoto imekuwa jambo la kawaida. Kwenye basi ungeshinda barabarani kutwa nzima, mtoto anataka kukojoa kila baada ya kituo. Kwenye treni choo kipo, nafasi ya kunyoosha miguu ipo, na saa nne hazijaisha umeshafika. Nauli iliyotangazwa huduma ilipoanza ni shilingi 31,000 kwa mtu mzima daraja la kawaida, nusu yake kwa mtoto wa miaka minne hadi kumi na miwili, na chini ya miaka minne ni bure. Ukiweza, wakalishe dirishani kabla hamjafika Gulwe, maana kuanzia huko mpaka Kilosa ndiko yaliko mahandaki. Wangu walipiga kelele za furaha kila giza lilipoingia behewani, na abiria wengine wakawa wanacheka nao.

Tukalala Dar. Hili nalisisitiza kwa yeyote mwenye watoto wadogo: usiunganishe treni na boti siku moja, hata kama ratiba inaruhusu na stesheni iko karibu na bandari. Mtoto aliyechoka huanza kutapika mapema. Isitoshe boti ya asubuhi ina nafuu, kwa kuwa upepo wa mchana huwa umeshachangamka.

Na hapa lazima nizungumzie majira, kwa sababu sisi wa bara tunapanga likizo kwa kalenda ya shule bila kuuliza bahari inasemaje. Juni, Julai na Agosti ni miezi ya kusi. Upepo unavuma kutoka kusini, mkondo wa Zanzibar unachafuka, na mawimbi yake si mchezo. Watu wa pwani wanasubiri maleleji, ule wakati wa kupokezana kwa pepo, bahari inapotulia. Likizo ya Desemba inaangukia mwanzo wa kaskazi, upepo wa kutoka kaskazini, na kwa mtoto mdogo ningeichagua hiyo kuliko ya Juni. Ukienda kipindi cha kusi, jua pia kwamba safari ya kwenda ina nafuu, kwa sababu upepo na mawimbi vinakusukuma kwa nyuma. Kurudi ndiko boti inakopigana navyo uso kwa uso.

Bandarini asubuhi ni vurugu. Wachukuzi watakushikia begi kabla hujajibu salamu, na vishoka watakwambia tiketi zimeisha dirishani. Tiketi nunua kwenye ofisi yenyewe ya kampuni au kwenye tovuti yake, kwa majina yaleyale yaliyo kwenye kitambulisho cha NIDA, na vyeti vya kuzaliwa vya watoto beba. Nauli ya mkazi na ya mgeni hazilingani hata kidogo, kwa hiyo bila kitambulisho utajikuta unabishana wakati watoto wanalia njaa. Mkabidhi mtu mmoja mabegi na mwingine watoto, msichanganye kazi.

Ndani ya boti, watu wengi wanakimbilia mbele na juu. Wewe nenda chini, nyuma, karibu na katikati, maana omo, yaani sehemu ya mbele ya boti, ndiyo inayopanda na kushuka kuliko sehemu nyingine yoyote. Ukiwa karibu na mlango wa kutokea sitaha ya nyuma, bora zaidi. Tulipokuwa bado kwenye mlango wa bandari bahari ilikuwa shwari, watoto wakipungia mikono pantoni la Kigamboni. Baada ya kuviacha visiwa vya Bongoyo na Mbudya nyuma yetu, boti ikaanza kuyumba.

Wahudumu walipita wakigawa mifuko ya kutapikia, na waliigawa kwa upole, wakiwainamia watoto na kuwaeleza. Hilo nawapongeza. Wetu wa miaka mitatu alitapika. Umri wake ndio wenye shida hiyo. Watoto wa kati ya miaka miwili na kumi na miwili ndio wanaolewa bahari zaidi, ilhali wachanga huwa hawaisikii kabisa. Kitinda mimba alinyonya akalala mpaka Malindi, bandari ya Unguja. Binti mkubwa alianza kubadilika uso, baba yake akamtoa sitahani, akamwambia aangalie mstari ule mbali ambapo bahari inakutana na mbingu. Akapona bila dawa. Asubuhi walikunywa uji mwepesi na mkate mkavu, hakuna maziwa wala chipsi, na nilikuwa na ndimu ya kunusisha. Dawa za kichefuchefu zipo, lakini za mtoto zipangwe na daktari au mfamasia kwa umri wake. Usimkatie nusu ya kidonge chako.

Sasa majaketi. Kabla ya kuondoka tulionyeshwa jinsi ya kuvaa jaketi na mahali yalipohifadhiwa, yote ya watu wazima. Nikamwita mhudumu: "Kaka, samahani, ya watoto yako wapi?" Akasema yapo. Nikamwomba anionyeshe. Akaenda, akakawia, akarudi na moja, ambalo lilimtosha binti mkubwa. La wa miaka mitatu halikupatikana mpaka nilipoomba kuonana na mkubwa wake, na la mchanga halikuletwa kabisa. Sikupaza sauti, lakini sikukaa mpaka mkubwa wao alipokuja. Kampuni siitaji, kwa sababu nataka kila mzazi aulize kwenye boti yoyote atakayopanda.

Jaketi la mtu mzima si jaketi la mtoto. Mtoto mdogo ataponyoka kwa chini, au litamgeuza uso uingie majini. Kanuni za kimataifa za usalama wa maisha baharini, SOLAS, zinayagawa kwa uzito: la mchanga ni kwa aliye chini ya kilo 15, la mtoto ni kilo 15 hadi 43, na kuanzia hapo ndipo la mtu mzima. Kwa hiyo wa kwangu wawili walikuwa kundi la mchanga na mmoja kundi la mtoto. Pima watoto wako kabla ya kusafiri, hata kliniki ya jirani watakupimia, uwe na namba zako kichwani. La mtoto huwa na mkanda unaopita katikati ya miguu. Huo ndio unaolizuia lisimvuke kichwani anapoingia majini.

Sitishi watu. Boti za kasi za siku hizi zinakwenda na kurudi kila siku zikiwa zimejaa wafanyakazi, wafanyabiashara na wanafunzi. Lakini mkondo ule ndio uliomeza boti ya abiria MV Skagit mwezi Julai 2012, karibu na Chumbe, ikiwa imetoka Dar na familia ndani yake, na mwaka mmoja kabla MV Spice Islander ilizama njiani kwenda Pemba. Tulipokaribia Unguja, mnara wa taa wa Chumbe ukaonekana, na nikawaombea waliobaki pale. Mama au baba anayeuliza jaketi la mwanawe hasumbui mtu.

Mji Mkongwe ukitokea kutoka baharini unakufanya usahau kichefuchefu chote. Siusimulii zaidi, wengi wameshausimulia.

Kitu ambacho watoto wangu wanakizungumzia mpaka leo ni kisiwa cha Changuu. Ni safari ya nusu saa hivi kwa boti ndogo ya mbao kutoka ufukwe wa Mji Mkongwe, na kama una hofu na ile ya saa mbili, hii ndiyo ya kumzoesha mtoto. Kule kuna kobe wakubwa ambao asili yao ni Shelisheli, walioletwa kama zawadi mwaka 1919, na wengine wameandikiwa umri wao kwenye gamba. Binti yangu alisoma namba inayozidi mia akaniuliza kama kobe huyo anamjua bibi yake wa Kondoa. Waliwalisha majani kwa mikono yao. Angalia tu maji yanajaa au yanakupwa, maana huenda mkashukia majini na kumbeba mtoto begani.

Na nahodha wa boti hiyo ndogo, mzee wa makamo, hakuwasha injini mpaka kila mtoto awe amefungwa jaketi la saizi yake. Alikuwa nayo ya aina tatu kwenye kapu. Alimfunga mwenyewe wa miaka mitatu, akauvuta mkanda, akamwinua kwa mabega ya jaketi kuona kama litateleza. Kama chombo cha mbao cha abiria wachache kinaweza hivyo, vyombo vikubwa vinaweza zaidi.

Siku ya kurudi nilimtanguliza baba watoto ofisini kwa kampuni, siku moja kabla, akawatajia uzito wa watoto wote watatu. Tulipopanda, majaketi matatu yalikuwa yamewekwa kwenye viti vyetu, na la mchanga likiwemo. Bahari ilikuwa mbaya kuliko ya kwenda, kama tulivyotarajia, na mimi mwenyewe nilihitaji mfuko. Watoto walilala wakiwa wameyavaa.

Kwa hiyo fanyeni hivyo: pigeni simu au nendeni ofisini mapema, tajeni kilo, ombeni wawaandikie. Treni ya kurudi Dodoma chukueni ya kesho yake, na siti za dirishani ziombeni mnapokata tiketi.