Samaki wa mapambo: kabla ya kulipa, kagua rangi

Nilinunua samaki sita wa aina iitwayo samaki wa kioo (glassfish), kila mmoja na mstari wa pinki unaowaka mgongoni. Wiki ya tatu mstari ukaanza kufifia. Leo wamebaki wawili, weupe kama glasi, mpaka miiba ya ndani unaihesabu.

Jamani, rangi ile ni ya sindano. Samaki huyu asili yake ni India na nchi jirani, naye huzaliwa hana rangi. Wanamdunga wino chini ya ngozi. Mtazame kwa karibu: mstari hauna uhusiano na magamba wala mapezi, umekaa kama umechorwa kwa kalamu. Ukiona kidonda au uvimbe pembeni yake, ondoka. Habari za ukubwa wa tangi na pampu mtazipata kokote. Mimi leo nataka mkague rangi tu.

Chaguo langu la kwanza ni yule wa njano wa Ziwa Nyasa, Labidochromis caeruleus. Ni njano ya embe bivu, pezi la mgongoni lina ukingo mweusi, na hiyo ni rangi ya kuzaliwa. Kwao ni kwenye miamba, kwa hiyo mpangie mawe yenye mapango ya kujificha. Anataka maji magumu, yaani yenye madini mengi kama chokaa, na pH (kipimo cha uchachu wa maji) ya 7.8 hadi 8.6. Kama maji yenu huacha ukoko mweupe kwenye birika, ugumu anaoupenda tayari mnao. Chakula nampa Hikari Cichlid Excel, sibadilishi.

Wa pili ni samaki wa anemoni wa maji chumvi. Pwani yetu yupo Amphiprion akallopisos, rangi ya chungwa iliyopauka na mstari mweupe mgongoni, anayeishi katikati ya minyiri ya anemoni, mnyama laini wa baharini, inayowawasha samaki wengine. Ni mzuri mno, ila chumvi ni ya kupima: gramu 35 hivi kwa lita. Maji yakipungua kwa mvuke, ongeza maji yasiyo na chumvi, maana chumvi haikuondoka.

Gapi ni bei rahisi na rangi yake ni ya kweli. Basi.

Kinachoniuma ni wauzaji. Niliwarudisha wanne waliokufa ndani ya mfuko wa plastiki. Muuzaji hakuwatazama hata mara moja. Aliniambia nimewalisha vibaya, kisha akaniwekea mezani kopo la "chakula cha rangi" ninunue.