Tiki ya kijani, picha hakuna: uzoefu wangu na huduma ya bakapu

Kijana wao wa mapokezi ni mpole, na bei ya mwezi si ya kuumiza. Sifa zao ndizo hizo.

Nina studio ya picha: harusi, sendofu, komunio. Nilijiunga na kampuni moja ya hapa mjini ya bakapu, yaani kutunza nakala za akiba za mafaili, kwa sababu nilichoka kunakili picha kwenye eksteno (diski ya kuchomeka nje ya kompyuta) kila jioni. Fundi wao akaja kufunga programu, akauliza tunafunga saa ngapi. Nikamwambia saa moja jioni, na tunazima mpaka swichi kuu, maana umeme wa mtaa wetu ukikatika usiku unarudi kwa kishindo, na ulishatuunguzia printa. Akaitikia, "Sawa, bosi." Halafu akapanga bakapu ijiendeshe saa nane usiku. Saa nane! Swichi iko chini, hata mlinzi kalala. Nani aiwashe?

Na kila asubuhi nikiwasha kompyuta, tiki ya kijani hiyo hapo. Nikiiona nafuta kadi za kamera, naenda kupiga kazi nyingine. Mpaka diski ya kompyuta ilipoanza kukwaruza, ikafa. Nikapiga simu wanirudishie picha zangu. Walichokuwa nacho ni nakala ya siku ile ile fundi alipokuja. Kumbe tiki inaonyesha tu kwamba ratiba imewekwa! Bakapu ifanyike isifanyike, yenyewe kijani.

Fundi naye: "Wewe mama, mfumo uko sawa. Tatizo ni matumizi. Mngeiacha kompyuta inawaka." Siku ya kulipa nilikuwa bosi.

Aliyenisaidia ni mpwa wangu, mwanafunzi wa chuo. Programu yao inatumia ratiba ya Windows, na mle ndani kuna kisanduku cha kuiambia kazi iliyopitwa na saa yake ifanyike mara kompyuta ikiwashwa. Kisipowekewa alama, muda ukipita ndiyo basi tena. Akakiweka, akahamishia bakapu saa saba mchana tukiwa tunakula, na akaipanga ianzie kwenye eksteno ndipo ipande mtandaoni. Picha za harusi moja zinafika GB 60. Kwa intaneti inayopandisha megabiti 5 kwa sekunde, hizo peke yake ni zaidi ya siku nzima. Fundi hakunigusia hata hilo.

Tangu hapo, nisiseme uongo, inafanya kazi. Juzi msaidizi wangu alifuta folda nzima ya komunio, tukairudisha chai haijapoa. Nilitaka kumkumbatia mtu. Kwa hiyo programu ni nzuri, tena nzuri sana, na nilikuwa nimeshaandika nyota nne.

Halafu mama wa bibi harusi akapiga simu tena kuulizia albamu ya sendofu. Zimebaki picha chache nilizomrushia kwa WhatsApp, zimebanwa hivi kwamba ukizikuza sura zinageuka vigae. Pesa yake nimemrudishia. Kampuni haijanirudishia hata senti, na pole hakuna aliyesema.

Nyota mbili, zote za programu. Ukiwaita, fundi asiondoke mpaka afute faili moja mbele yako na kulirudisha. Mimi nawavumilia mpaka mwezi uishe kwa kuwa nimeshalipia.