Uzoefu wangu: fiziotherapia ya nyumbani nikiwa na miaka 71

Mimi ni mwalimu mstaafu, naishi Chumbageni, Tanga. Nawaandikia wazee wenzangu, na zaidi watoto wao, maana wao ndio wanaolipa. Kwa miezi minne sasa natumia huduma ya mtaalamu wa fiziotherapia, yaani tiba ya viungo kwa mazoezi, anayenifuata nyumbani.

Mwaka jana niliteleza bafuni. Sikuvunjika, alhamdulillahi, ila nilikaa pale chini karibu saa nzima kwa kushindwa kuinuka, mpaka mjukuu aliporudi kutoka shule. Maumivu yaliisha baada ya wiki mbili, hofu ikabaki. Nikaacha sokoni, nikaacha daladala, kila kitu naletewa nilipokaa. Kila aliyekuja kunijulia hali aliniambia, "Pumzika bibi." Nikapumzika mpaka mapaja yakalegea. Na kusali nilikuwa nasalia kwenye kiti tangu Ramadhani ya nyuma yake.

Mtu wa kwanza tuliyemwita alikuja mara tatu na mafuta ya kuchua na kimashine cha kutetemesha magoti. Jioni najisikia vizuri, asubuhi niko vilevile. Hakuwahi hata siku moja kuniambia nisimame. Fedha ile naihesabu imepotea.

Wa pili ni binti mdogo, rika la wajukuu zangu. Aliniamkia, akaomba kiti kisicho na mikono, akakiegemeza ukutani. Nikunje mikono kifuani, niinuke na kukaa mara nyingi niwezavyo kwa nusu dakika. Niliinuka mara 6. Akanieleza kwamba mwanamke wa umri wangu asiyefikisha 10 yuko kwenye hatari ya kuanguka. Kisha akapima meta 3 sakafuni, akachora mstari kwa chaki: inuka, nenda, geuka, rudi, kaa. Nilitumia sekunde 17, na kuanzia 12 tayari ni dalili mbaya. Akaandika yote kwenye daftari. Hapo ndipo aliponipata, kwa sababu nimefundisha miaka 34 na sijawahi kumsaidia mwanafunzi ambaye sikumpima kwanza.

Mazoezi anayofundisha yanaitwa Otago, kwa jina la chuo kikuu cha Nyuzilandi yalikotungwa. Jaribio la kwanza lilifanywa kwa akina mama wa miaka 80 na kuendelea, na majaribio yote yalipojumlishwa, kuanguka kulipungua kwa takriban theluthi moja. Ni mara tatu kwa wiki, kama nusu saa, na siku nyingine mbili unatembea. Mimi hushika nondo za dirisha la barazani: nanyanyua visigino, napiga hatua za ubavu, natembea kisigino kikigusa vidole vya mguu wa nyuma. Kisha nakaa, nafunga kifuko cha uzito wa kilo moja juu ya kifundo cha mguu na kunyoosha goti polepole, mara 10 kila upande.

Uzito ndio niliokuwa siujui. Nilidhani mazoezi ya mzee ni matembezi basi. Binti alinielewesha kwamba matembezi yanafaa moyo, lakini paja lisiloweza kukuinua kitini linataka mzigo, na mzigo ukizoeleka lazima uongezwe. Akanisimulia utafiti wa Boston wa mwaka 1990: wazee 10 wa miaka 86 hadi 96, wanaoishi kwenye nyumba ya kutunzia wazee, walinyanyua vyuma kwa wiki 8 na nguvu za mapaja zikaongezeka zaidi ya maradufu. Mwenye miaka 90! Nikasema basi mimi bado msichana, tuanze.

Wiki ya tano alitandika jamvi akaniambia, "Leo bibi tunajifunza kuinuka kutoka chini." Nilitetemeka, siwafichi. Alinionyesha: lala ubavu, sukuma kwa kiwiko na kiganja, piga magoti na mikono, sogelea kiti, weka viganja juu yake, leta mguu wenye nguvu mbele ukanyage vizuri, halafu sukuma. Mara ya kwanza alinishika kiunoni. Mara ya tatu alikuwa amesimama pembeni, mikono nyuma. Niliposimama wima nililia, naye macho yakamlenga machozi. Laiti ningelijua hili siku ile ya bafuni.

Sasa kasoro. Kila ziara ni shilingi 30,000, na kwa mstaafu si kidogo. Alikuja mara nne miezi miwili ya kwanza, sasa mara moja kwa mwezi, vinginevyo nisingemudu. Karatasi ya mazoezi ina maandishi madogo mno, ilibidi mjukuu aninakilie kwa herufi kubwa na kuibandika ukutani. Vifuko vya uzito tulivyonunua dukani vilifumuka mshono wiki ya tatu, chuma kikamwagika sakafuni. Nimejishonea vingine kwa turubai na mchanga, nikavipima kwa mizani ya muuza duka, na havijafumuka mpaka leo. Kwa hiyo msiharakishe kununua.

Mwenye presha kama mimi aonane na daktari wake kwanza, na asibane pumzi anaponyanyua. Mimi nahesabu kwa sauti. Nguvu nayo inataka chakula, chai na mkate havitoshi. Nimeongeza dagaa, kunde na yai. Na ndala nimeziweka kando wakati wa mazoezi, zinateleza.

Wiki ya kumi alinipima tena: mara 11 kitini, sekunde 11 kwenye zile meta 3. Ijumaa iliyofuata niliondoa kiti kwenye mswala. Rakaa ya kwanza niliinuka kutoka sijda nikijisukuma kwa mkono mmoja, na hadi leo nahitaji huo mkono. Kusimama kwa mguu wa kushoto peke yake bado sifikishi sekunde 10, nimefika 6. Jumatatu tumepandisha mchanga hadi kilo moja na nusu.